Siku Bibi Gwalugano Alipopewa Ng'ombe

Chapwa,
S.L.P. 114,
Tunduma.

22 Septemba, 2024.

Mpendwa mdogo wangu Tuntufye,

Hujambo huko Tanga? Joto limekuachia mwili, au umebaki jina tu? Namwomba Mungu barua hii ikukute mzima, unakula vizuri, na kile kikohozi nilichokisikia kwenye simu mwezi wa saba kiwe kimekwisha. Kama bado, nenda hospitali. Wewe tangu utoto kila ugonjwa unautibu kwa limao, na sijui nani alikudanganya.

Wifi yangu Judith hajambo? Na watoto? Mwambie kitenge alichoniagiza nimekwisha kumwekea, kile chenye maua ya bluu, na mtu akikigusa hapa dukani naruka kama nimeona nyoka.

Sisi tu wazima. Shemeji yako Tumaini aling'olewa jino wiki mbili zilizopita, akawa mpole nyumba nzima ikashangaa. Sasa amepona na kelele zimerudi. Duka linakwenda. Wateja wa Nakonde wameanza tena kuvuka kufuata mchele, wanaingia na salamu zao za "mulishani bamayo", nami nawajibu kwa Kibemba changu cha kuokoteza mpaka wanacheka wananunua. Vumbi la mwezi huu tu ndilo linatumaliza. Ukifuta kaunta asubuhi, saa nne unaweza kuandika jina lako juu yake.

Mama yuko kijijini, anakusalimu sana. Goti bado linamsumbua anapopanda kilima cha kwenda kanisani, lakini ukimwambia apumzike anakuuliza kama umemwona akitambaa.

Shuleni tulifundishwa kwamba hapa ndipo mtu anaandika dhumuni la barua. Dhumuni langu ni Bibi Gwalugano. Najua ungependa nikutumie sauti kwenye simu kama watu wa siku hizi, ila hili nimeona nikae chini niliandike, maana kwenye simu ningecheka, ningelia, na bando lingekwisha kabla sijafika mwisho.

Wewe uliondoka nyumbani ungali mdogo kwenda bweni, kwa hiyo yapo ambayo uliyasikia nusunusu, na Judith hayajui kabisa. Msomee na yeye.

Bibi Gwalugano ni mtoto wa kijiji chetu kule juu ya Itumba, lakini ujana wake aliufanyia hapa Tunduma, enzi ambazo mji ulikuwa maduka machache na malori mawili matatu. Alikuwa akileta maharage kutoka Ileje na kurudisha vitenge. Mungu hakumpa mtoto. Mume wake alipofariki alifunga genge lake, akarudi kijijini, na kila mtu akasubiri aone nyumba ya vigae ikipanda. Hakujenga nyumba. Alinunua mitamba, ng'ombe wa kisasa wa maziwa ambao hawajazaa, akaanza kugawa.

Mama yetu ndiye alikuwa wa kwanza kupewa. Maziwa yale Mama aliyateremsha Itumba kila alfajiri kwa watumishi wa ofisini, jua na mvua, na ndiyo yaliyokulipia bweni mpaka leo watu wa Tanga wanakuita fundi wa umeme. Baada ya ndama wa kwanza wa kike kukua, Mama alimpeleka kwa jirani aliyetajwa na Bibi, jirani naye akapeleka kwa mwingine, na hivyo hivyo. Leo ukipita kule kwetu asubuhi, karibu kila nyumba utasikia ndoo inagongwa.

Na si ng'ombe tu. Pale zahanati iliposimama palikuwa na shamba lake la kahawa. Alisubiri avune msimu ule, halafu akang'oa mikahawa kwa mkono wake mwenyewe ili wajenzi wasipate kisingizio cha kuchelewa. Wanawake wangapi wamejifungulia pale badala ya njiani! Mimi nikipita mbele ya jengo lile huwa napunguza mwendo. Nampenda yule bibi, Tuntufye, na nilikuwa sijawahi kusema.

Lakini usidhani alikuwa mpole. Kupewa ng'ombe na Bibi Gwalugano ilikuwa kazi kuliko kuposa. Kwanza anakuja kukagua banda bila taarifa, anagonga nguzo moja moja kwa fimbo yake. Pili anaangalia kama umepanda mabingobingo ya kumlisha mnyama. Tatu, kamba unasuka mwenyewe kwa katani, kwa sababu anasema asiyeweza kusuka kamba hataweza kuamka kukamua. Nyinyi huko Tanga mnajivunia mkonge, huku sisi ulitupasua viganja. Na mwisho, siku ya kukabidhiwa, mbele ya majirani wote, anakuuliza: "Ukiugua, nani atamkatia majani?"

Swali hilo wengi liliwakwamisha. Mtu akijibu "Mungu atajua," Bibi alikuwa akimwambia arudi nyumbani wakajadiliane na Mungu kwanza. Mzee Osea, yule jirani yake mwenye mguu mbovu, alirudishwa kujenga banda upya, akamnunia Bibi msimu mzima, lakini akajenga.

Sasa sikiliza. Pasaka nilipanda kumwona. Nikapiga hodi, shikamoo, marahaba, akanikaribisha kwa furaha, akaniwekea chai. Chai ya rangi. Nikaitazama kikombeni kama mtu aliyeletewa maji ya kunawa. Nyumba ile, Tuntufye! Nyumba ambayo tukiwa watoto tulikuwa tukitumwa makusudi tupite ili tupewe maziwa ya mgando.

Nikajifanya naenda msalani, nikachungulia nyuma. Banda limelala chini. Ng'ombe hayupo. Nilipombana alikiri kwamba ng'ombe wake wa mwisho alikufa kwa ndigana kabla ya Krismasi. Majirani walipouliza alikuwa akiwaambia amempeleka Mbozi kwa mpwa wake apate dume zuri. Akaniomba nisimwambie mtu. Nikamwahidi, nikatoka, nikaenda moja kwa moja kwa Mama, nikamwaga mtama wote.

Kilichonitisha si chai. Ni mikono yake. Mikono iliyokuwa ikigonga nguzo mpaka banda linatikisika imebaki mifupa, na alipokuwa akinimiminia chai birika lilikuwa linatetemeka. Zamani watu walikuwa wakipita kwake kuomba ushauri wa ng'ombe, kuomba dume, kuleta habari za ndama. Sasa ng'ombe wameenea kila mahali na kila mtu anajua kumtunza wa kwake, kwa hiyo hakuna anayepita. Alitufundisha vizuri mno.

Basi tukala njama. Brenda, binti yake marehemu Enoka, ambaye sasa ni mwalimu Itumba, akawa mwenyekiti. Yeye amekua kwa maziwa ya ng'ombe wa Bibi na haoni haya kusema. Kila nyumba iliyowahi kupewa ikachanga kwa uwezo wake, tukaenda Mbozi kuchagua mtamba mwenye mimba, mweusi na mweupe, macho kama ya bibi harusi. Tukapanga siku ya kumheshimu Bibi mwezi wa nane, baada ya ibada. Turubai, kwaya mbili, pilau, wageni kutoka wilayani. Bibi aliambiwa tu avae vizuri.

Siku ilikuwa nzuri sana. Watu walisimama mmoja mmoja wakasema alichowafanyia. Mama alisema habari zako, na za lile bweni, akashindwa kumaliza. Bibi alikaa mbele ameinamisha kichwa, kitenge kipya begani, hata sikujua kama anasikia. Halafu mtamba akaletwa, kafungwa utepe mwekundu shingoni, na Brenda akashika kipaza sauti: "Bibi, hii ni sapraizi yako!"

Vigelegele vikapanda. Bibi akanyanyuka, akamzunguka yule mnyama, akamtazama meno, akampapasa kiwele. Nikaona uso wake umelainika, nikajua amempenda. Kisha akageuka.

"Atalala wapi?"

Brenda akatugeukia sisi.

"Nani kakagua banda?"

Tuntufye, nilitamani ardhi inimeze. Pale chini ya turubai hapakuwa na mtu ambaye hakuwahi kukaguliwa banda na yule bibi. Wote! Tumekagua utepe, tumekagua pilau, tumekagua mpaka viatu vya kwaya, na hakuna hata mmoja aliyekumbuka kwamba banda lake liko chini. Hata mimi niliyeliona kwa macho yangu.

"Na kamba hii ya nani? Mimi sijasuka kamba." Akairudisha mkononi mwa Brenda taratibu, bila hasira. "Ndaga sana, asanteni wanangu. Mrudisheni."

Akakaa, akaomba sahani yake ya pilau, akala. Kwaya hawakujua waimbe au wanyamaze. Wageni wa wilayani wakawa wanatazamana. Brenda alilia nyuma ya jiko, na mimi nikamsaidia.

Nakwambia ukweli, nilikasirika. Kesho yake asubuhi kabla ya kushuka Tunduma nilikwenda kwake kumpa vidonge vyake. Nilimwambia ametuaibisha, kwamba kuna wakati mtu anapokea tu na kushukuru, kwamba sheria zake alizitunga mwenyewe na anaweza kuzilegeza mwenyewe. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa pumzi.

"Banda mtajenga, najua," alisema. "Kamba nitasuka, vidole bado vipo. Lile swali la mwisho, Ikupa. Nitajibu nini?"

Akaendelea polepole, anatazama mlango, kwamba kuna watu aliwanyima ng'ombe kwa sababu ya swali lile, na wengine walikuwa na watoto wadogo, na aliwaona wakiondoka na huzuni. Leo yeye ni mzee, anaishi peke yake, mpwa wake yuko mbali. Akiugua mnyama atakufa njaa bandani. Ajipitishe yeye kwa kuwa ni Gwalugano?

"Bora chai ya rangi, mwanangu," akasema.

Nilishuka Tunduma na maneno hayo. Niliyekwenda kumkaripia nilirudi nimevimba macho, na shemeji yako akadhani kuna msiba. Niliogopa, mdogo wangu. Niliona kwamba yule bibi yuko tayari kufifia pale kwenye kiti chake, kidogo kidogo, kwa sababu tu hajui kusema neno moja ambalo sisi wote tumemwambia yeye maisha yetu yote: nisaidie.

Lakini Brenda si mtu wa kukata tamaa, na mtamba hakumrudisha Mbozi. Banda likajengwa. Vijana walikata nguzo za miti ya mlingoti, wazee wakaelekeza hata pale pasipohitaji maelekezo, na mabingobingo yakapandwa kando ya kijito pale ambapo udongo haukauki. Brenda akachukua fimbo, akapita akigonga nguzo moja moja kwa uso wa Bibi kabisa, watu wakacheka mpaka wakakaa chini. Bibi alikuwa akitazama yote kutoka mlangoni na hakusema ndiyo wala hapana.

Tulichojenga ni banda tu. Jibu hatukuweza kumjengea. Tulikubaliana tusimdokeze, maana angejua ni huruma, na huruma anaichukia kuliko kupe.

Siku moja Mzee Osea akaenda kwake na mguu wake mbovu. Akaingia, mlango ukafungwa, akakaa mchana kutwa. Wanakijiji wakapata kazi ya kupita pale nje bila sababu. Alipotoka aliulizwa wamezungumza nini, akasema wamezungumza habari za zamani, akajikongoja kwenda zake.

Jumamosi ya wiki iliyopita Mama alinipigia simu akasema panda, Bibi ametuita. Nilifunga duka nikaondoka na gari la kwanza la Itumba. Safari hii hapakuwa na turubai wala kipaza sauti. Majirani tu, tumesimama uani kwake kwenye baridi, na mtamba kafungwa kwenye mti bila utepe.

Bibi akatoka ndani na kamba begani. Kamba mpya, nyeupe, imesukwa ikabana kama nywele za mtoto siku ya Jumapili. Sijui ilimchukua siku ngapi na vidole vile. Akaja akasimama mbele yetu pale ambapo sisi huwa tunasimama, mahali pa anayepokea, na watu wakaanza kufuta macho kabla hata ya neno.

Kwa desturi anayetoa ndiye anayeuliza. Tukamsukuma Mama mbele kwa kuwa yeye alipokea wa kwanza. Unamjua Mama, haogopi mtu, lakini alishika pindo la kitenge kama msichana anayekariri shairi.

"Dada Gwalugano," alisema, "ukiugua, nani atamkatia majani?"

Bibi aliinua kichwa. Alitutazama. Alianza na Mama, akaja kwa Brenda, akaja kwangu, akapita uso mmoja mmoja mpaka mwisho wa mstari.

"Nyinyi," alisema. "Si mpo?"

Loo! Hujasikia vigelegele vya namna ile. Mama alimkumbatia wakataka kuanguka wote wawili na ng'ombe akashtuka. Mzee Osea alicheka mpaka fimbo ikamtoka mkononi, ndipo akatoboa siri. Kumbe yeye alipoulizwa swali lile, miaka ile, mke ameshafariki na wanawe wameshaondoka, alimjibu Bibi mbele ya watu: "Wewe, jirani. Utakuwa na kazi gani nyingine?" Na Bibi akampa ng'ombe. Siku ile aliyoshinda ndani alikwenda kumkumbusha. Bibi akadai amesahau, basi Osea akakaa kwenye kiti mpaka akumbuke.

Usifikiri Bibi aliishia kulia. Alijifuta macho, akamfunga mtamba kwa kamba yake, na palepale akaanza kugawa kazi kana kwamba yeye ndiye aliyetupa sisi ng'ombe. Osea atakata majani Jumatatu, maana mguu ndio mbovu, mkono ni mzima. Brenda Jumamosi, na asilete wanafunzi wa kumfanyia. Mama asikate, aje akae tu aone kama wengine wanakata. "Na wewe wa Tunduma unayeahidi watu kunyamaza halafu unatangaza," akaniambia mbele ya wote, "utakuwa unaleta pumba." Nikasema nimepokea adhabu. Ninapoandika hapa gunia la kwanza liko mlangoni.

Sasa nyumba yake haikosi watu. Kila siku kuna mwenye zamu, na kila mwenye zamu anakaripiwa kwamba amekata majani makavu, na kila anayekaripiwa anakaa kunywa chai. Mama anasema Bibi ameanza kula vizuri. Mtamba atazaa mwisho wa mwaka Mungu akijalia, na ndama akiwa wa kike tumekwisha kumtaja atakayempokea: ni Anyosisye, yule mama mjane aliyehamia karibu na zahanati. Bibi alisema yeye hana neno, anayepokea hachagui.

Tulipokuwa tunaagana alinishika mkono, akauliza: "Na yule Tuntufye aliyesomeshwa na ng'ombe, yuko wapi siku hizi?" Nikamwambia Tanga. Akasema Tanga si Ulaya. Wiki ya Krismasi ni yako, amekuwekea. Nikaanza kukutetea, nikasema kazi ni nyingi, nauli, watoto wadogo. Akanikatiza.

"Mwambie sijawahi kumwomba mtu kitu tangu nizaliwe," alisema. "Nimeanza mwaka huu, na yeye yumo."

Ndiyo hayo, mdogo wangu. Miaka imekuwa mingi, nasi tumekuwa tukikualika na wewe ukituma salamu. Safari hii hualikwi. Una zamu.

Tumaini anakusalimu, na watoto wangu wanawasalimu binamu zao ambao hawajawaona hata kwa sura. Mama anasema umlete Judith na sweta zito. Brenda anakukumbuka, na Mzee Osea anauliza kama bado unaogopa majogoo. Nawe nisalimie wifi na wanangu wote, na yule rafiki yako wa kazini aliyenipokelea simu siku ile kwa adabu.

Mungu wa milima yetu awafunike huko mliko, awape riziki na usingizi mtamu, na awafikishe kwetu salama. Mundu nimekununulia, nimeuacha kwa Bibi.

Wako akupendaye, anayekuhesabia tayari,

Dada yako,
Ikupa.